Mafuta Aliyopakwa Meneja

WIFI: Haloo? Ni nani?

MSUSI: Ni mimi, wifi. Msusi wako.

WIFI: Mbona namba siijui?

MSUSI: Simu ya mlinzi. Yangu imezima. Habari za huko? Mama anaendeleaje?

WIFI: Hajambo, jana kanywa uji mwenyewe bila— wewe, mbona unanong'ona?

MSUSI: Sinong'oni. Ni mtandao.

(Simu inakwaruza.)

WIFI: Mlinzi wa wapi?

MSUSI: Eh?

WIFI: Saluni yako haina mlinzi. Uko wapi?

MSUSI: Niko... hapa nje, kwa daktari wa mifugo.

WIFI: Meneja ana nini?

MSUSI: Anatetemeka tu kidogo. Masikio, halafu miguu—

WIFI: Paka wangu nimekuachia mzima, anakula anasaza, anakukalia viti vya wateja. Kidogo namna gani?

MSUSI: Hawezi kusimama, wifi.

WIFI: Endelea.

MSUSI: Alikuwa na viroboto. Mteja mmoja akajikuna weee, mwisho akamwona mmoja kwenye taulo. Akasema mbele ya saluni nzima, "Kumbe hapa mtu unasukwa na mifugo ya kuondoka nayo unapewa." Wakacheka wote. Nilitamani ardhi inimeze.

WIFI: Si nilikwambia? Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, halafu umchane na kitana kila siku. Vitana unavyo mpaka unavigawa.

MSUSI: Kitana kinachelewa. Mimi nilitaka viroboto waishe siku ileile. Nikampaka dawa yangu.

WIFI: Ipi?

MSUSI: Ile ninayochanganya mwenyewe. Ya chawa.

WIFI: Si mafuta ya nazi yale?

MSUSI: Ndiyo. Na kitu kingine kidogo.

WIFI: Kitu gani?

MSUSI: Salio la watu hili, wifi, nisije nikalimaliza—

WIFI: Kitu gani?

MSUSI: Dawa ya kupe. Ile ya kuogeshea ng'ombe. Nikamfunga taulo kama ninavyofunga kichwa cha mtu. Nilipomfungua akaanza kujilamba, nikasema afadhali, anajisafisha.

WIFI: Daktari anasemaje?

MSUSI: Haelewi ni nini. Kaniuliza nimempaka nini.

WIFI: Ukamwambia.

MSUSI: Nimemwambia mafuta ya nazi.

WIFI: We una akili timamu kweli?

MSUSI: Mkewe namsuka mimi, wifi. Nikifungua mdomo hapa, jioni kila mtu anajua ninachowapaka. Nani atanipa kichwa chake tena? Naona aibu. Hata usoni nimeshindwa kumtazama.

WIFI: Kwa hiyo Meneja afe, wateja wabaki.

MSUSI: Sijasema afe. Ndiyo maana nimekupigia. Wewe ndiye mwenye paka. Ungempigia ukamwambia labda kalamba kitu kwa jirani, dawa ya kupe hivi—

WIFI: Yaani nikudanganyie? Mimi?

(Simu inakwaruza.)

WIFI: Hebu ngoja. Shule zilipofunga ulimpaka binti yangu dawa ya chawa.

(Kwa mbali mlinzi anaulizia simu yake.)

WIFI: Wifi.

MSUSI: Nipo.

WIFI: Ni hiyohiyo?

MSUSI: Kwa mtoto niliweka kiduchu.

WIFI: Alilia kichwa kinawaka moto. Nikamgombeza. Nikamwambia shangazi yako kakuhudumia bure, halafu wewe unadeka.

MSUSI: Nisamehe, wifi. Sina hata pa kuuweka uso wangu.

WIFI: Uso wako baadaye. Ingia ndani. Na simu usikate, nataka nisikie kwa masikio yangu.

MSUSI: Mlinzi anaitaka simu yake—

WIFI: Ingia.

(Mlango. Viatu kwenye sakafu.)

MSUSI: Daktari. Samahani.

DAKTARI (kwa mbali): Subiri nje, mama, bado nahangaika naye.

MSUSI: Si mafuta ya nazi peke yake. Mna dawa ya kupe humo. Ya ng'ombe.

DAKTARI: Na umekaa hapo benchini muda wote huo? Jamani, maji ya uvuguvugu na sabuni, upesi. Na ile sindano ya kutuliza mtetemeko.

WIFI: Muulize kama atapona.

MSUSI: Atapona, daktari?

DAKTARI: Ungesema ulipofika ningekujibu. Mshike miguu. Hivyo. Sasa wewe dawa hiyo ulikuwa nayo ya nini, unafuga ng'ombe?

MSUSI: Sifugi.

DAKTARI: Sasa?

(Maji yanamwagika.)

WIFI: Mwambie.

MSUSI: Naitumia saluni. Kwa chawa. Nawapaka watu vichwani. Na mkeo nimempaka, daktari. Na yule mtoto wenu mdogo, siku ile alipokuja na mama ya—

(Mlio. Salio limekwisha.)