Mama Jedwali, Kadi Moja na Jino la Mzee Koma

Baada ya miaka thelathini na tatu na miezi minne ya kazi, Ijumaa hii ya tarehe 28, saa kumi jioni, mkuu wa utumishi wa ofisi yetu ya mawakili anarudisha kitambulisho cha ofisi na kustaafu rasmi. Kwenye majalada ana jina lake kamili, refu na la heshima. Humu ndani, kuanzia mlinzi wa getini hadi wabia wenye majina yao ukutani, sote tunamwita Mama Jedwali, na siku ya kumuaga si siku ya kujifunza jina jipya.

Mimi ni mpokezi wa hapa chini, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kama alivyosema mhariri wa jarida letu, hakuna habari inayoingia jengo hili bila kupita mapokezi na kusalimia.

Mama alianza kazi akiwa mpiga chapa, ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye mashine sita na dirisha moja lisilofunguka. Waliokuwepo wanasema alikuwa anachapa mkataba huku akimwambia wakili aliyeuandika kwamba aya ya tatu inagombana na aya ya tisa. Mara nyingi alikuwa sahihi, jambo lililozidi kuwaudhi mawakili. Wakili mmoja alimjibu kwa hasira kwamba kama anajua sana, akasome. Akaenda kusoma kweli, ila si sheria. Alisomea utumishi, miaka mitatu ya madarasa ya jioni, na aliporudi na cheti akapewa meza, kalamu, na jalada lililoandikwa "Malalamiko". Lilikuwa tupu. Wakubwa waliliona lile jalada tupu wakafurahi. Yeye aliliona akashtuka.

Jedwali lenyewe lilizaliwa kwa sababu yangu, na hilo nitajigamba nalo mpaka mvi zinimalize. Nilikuwa nimerudi kutoka likizo ya uzazi. Wiki sita tu, ndizo tulizokuwa tunapewa. Kila mchana nilijifungia kwenye stoo ya karatasi, nikakaa juu ya katoni, nikamkamulia mwanangu maziwa huku nimeegemea mlango ili mtu asiingie. Siku moja mlango ulinishinda nguvu. Alikuwa Mama, amefuata wino wa printa. Alinitazama, akatazama katoni, akatoka na kuufunga mlango. Nikajua nimekwisha. Halafu nikamsikia nje anaongea na wakili mmoja.

"Stoo imefungwa. Vitu vinahesabiwa."

"Vinahesabiwa na nani? Mimi nataka karatasi tu."

"Na mtu mwenye kazi muhimu kuliko yako. Rudi baada ya robo saa."

Saa ya chakula akavuka barabara hadi kwenye ile kampuni kubwa ya mawakili tunayotazamana nayo, akamuuliza mwenzake wa utumishi wanampa nini mama aliyejifungua. Alirudi na majibu nyuma ya bahasha iliyotumika: miezi mitatu, na chumba chenye ufunguo na kiti kinachoegemeka. Kabla ya saa ya kutoka alikuwa ameshapiga mistari kwa rula. Upande mmoja sisi, upande wa pili wao. Akaibandika karatasi kantini, juu ya birika, mahali ambapo hakuna anayeweza kudai hakuiona.

Ndani ya mwaka mmoja karatasi ilikuwa na kampuni saba. Ndizo zilikuwa siku zile ambapo mawakili wetu wachanga walikuwa wanatuhama kama njiwa waliofunguliwa kizimba, wakivutwa na habari za marupurupu ya kwingine, na wabia walitaka kujua wenzao wana nini. Mama akatumwa akaone. Akaenda mchana kweupe, akijitambulisha kwa jina na cheo, kiatu cha chini na daftari mkononi, na kila aliporudi tulimzunguka kama watoto wanaosubiri pipi.

Kampuni moja ilikuwa na ukumbi wa mazoezi wenye vioo kuanzia sakafu hadi dari. Aligusa mashine ya kukimbilia, akakuta bado imevaa nailoni ya dukani. Kwingine walimwonyesha likizo isiyo na kikomo, yaani unachukua siku unazotaka wewe. Akauliza watu tisa mara ya mwisho walichukua lini. Wanane walianza kucheka na wa tisa akaomba asitajwe. Pale penye chumba cha vitanda, mashuka meupe na mapazia mazito, alimuuliza kijana wa uwakili kama chumba kile kinawasaidia.

"Kizuri sana, mama," yule kijana akasema. "Sijaenda nyumbani tangu Jumanne."

Hapo ndipo jedwali lilipopata akili. Mama alikata kila safu katikati akaandika juu: "Kilichotangazwa" na "Kinachotumika". Kwenye vitanda, upande wa kwanza aliandika "vipo", upande wa pili akaandika "usingizi haupo". Lile jedwali jipya lilisomwa kantini kwa sauti, watu wakashika mbavu, na mawakili wawili waliokuwa wamekwisha kuandika barua za kuhama walizichana pale pale. Wa tatu alihama. Baada ya miezi minne alirudi, amekonda, akaomba kiti chake cha zamani.

Lakini jedwali lilikuwa na mstari mmoja ambao haukumchekesha Mama hata kidogo. Hapa kwetu bima ya afya ilikuwa na kadi mbili. Mawakili walikuwa na ya bluu, inayofungua kila mlango wa hospitali. Madereva, wahudumu, makarani na mimi mpokezi tulikuwa na ya kijivu, ambayo haikugusa macho, haikugusa meno, na ilitaka kibali cha kamati karibu kwa kila kitu. Kampuni tatu kati ya zile saba zilikuwa na kadi moja kwa wote.

Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Mzee Koma, mbia wetu mkongwe. Jina hilo alilipata kwa kurudisha mkataba wa kurasa arobaini kwa sababu ya koma moja iliyokosekana. Ni mtu mwadilifu, mkali, na anayeamini kwamba kitu kisichoandikwa hakipo. Mama alipoliweka jedwali mbele ya mkutano wa wabia, Mzee alilipitia mstari kwa mstari, akavua miwani.

"Kadi ya kijivu inatosha. Jalada la malalamiko ni tupu."

"Mzee, anayelalamika analeta fomu kwako. Nani ana moyo huo?"

"Basi nithibitishie kwamba haitoshi."

"Ithibitishe mwenyewe. Ishini nayo mwezi mmoja, nyinyi nyote."

Wabia walicheka. Mzee Koma hakucheka. Hakuwahi kukimbia changamoto, na jioni hiyo aliandika mkataba wa vipengele kumi na moja unaowafunga wabia wote sita kutumia haki za wahudumu kwa siku thelathini. Wote wakatia sahihi.

Jamani, mwezi ule! Anayetaka kujua furaha ni nini angekuwa mapokezi. Wabia waliegesha magari nje kwenye jua. Walipanga foleni ya chai ya chupa huku mashine ya kahawa ya ghorofa ya tano ikiwaangalia. Mmoja alijaza fomu ya ruhusa ya kwenda kwenye mahafali ya binti yake, ikataka sahihi tatu, akapata mbili, akapoteza fomu. Mke wa mwingine alinipigia simu kwa sauti ya chini kuniuliza kama mumewe ameshushwa cheo na anaona haya kumwambia.

Siku ya kumi na moja, Mzee Koma akaamka na jino.

Kadi ya kijivu haigusi meno ila kwa kibali cha kamati. Kamati hukaa mwisho wa mwezi. Mwenyekiti anaweza kutoa kibali cha dharura, lakini kipengele cha sita, alichokiandika mwenyewe kwa mkono wake, kinakataza mbia yeyote kujiidhinishia jambo lake. Alikisoma mara tatu kutafuta mwanya. Alikuwa amekiandika vizuri mno. Siku ya pili ya jino hilo, shavu lilikuwa kama limebeba andazi. Mama Jedwali alimpandia ofisini.

"Mzee, achana na mkataba, nenda katibiwe. Hakuna atakayekucheka."

"Nimetia sahihi," Mzee akasema, na hayo maneno mawili yalimchukua muda.

Siku ya tatu Mzee alikuwa anapelekwa mahakamani kwenye kesi ya mteja. Dereva wake, aliyemwendesha kwa miaka kumi na minne, alimwona kwenye kioo akilishika shavu kwa mikono miwili. Yaliyofuata dereva ametusimulia mara nyingi hivi kwamba hata mlinzi anaweza kuyakariri.

"Pole, mzee. Tafunia upande wa kulia. Mimi natafunia upande mmoja mwaka wa pili huu, utazoea tu."

"Mwaka wa pili?"

"Fomu yangu ilirudi, mzee. Mara mbili."

"Ilirudi kwa nini?"

Dereva anasema aliendesha kwanza mpaka taa za barabarani ndipo akajibu. "Ilikosa koma, mzee."

Taa zikawaka kijani, magari ya nyuma yakapiga honi. Mzee akampigia simu wakili mdogo aende mahakamani badala yake, akamwambia dereva, "Geuza gari." Walikwenda kwa daktari wa meno wote wawili, na dereva akaingia kwanza, kwa amri. Ndio mkataba pekee ambao Mzee Koma amewahi kuuvunja, na aliuvunja na siku kumi na saba mkononi.

Walirudi wamekufa ganzi midomo, wanatabasamu upande mmoja mmoja. Mzee alipanda moja kwa moja kwa Mama Jedwali. Kwa kuwa ulimi haukumsikia, alichukua kalamu akaandika kwenye pembe ya jedwali: "Kadi moja. Wote." Mama anasema alimwona akifuta macho, na ganzi haitoi machozi. Wabia walipiga kura wiki hiyo hiyo. Mkono uliochelewa kupanda ni mmoja tu, wa yule aliyepoteza fomu, kwa sababu alikuwa bado anaitafuta.

Mengine yaliyofuata mnayajua: likizo ya uzazi ya miezi minne, chumba cha akina mama chenye ufunguo, saa ya kutoka inayoheshimiwa. Ningeweza kuishia hapa, lakini kuna jambo ambalo Mama halijui bado, na atalijua akifika aya hii.

Mwezi uliopita niliona kwamba jedwali halina mstari wa wastaafu. Kadi ya afya hufa siku unaporudisha kitambulisho. Mume wake, fundi saa mpole ambaye wengi mnamfahamu, ana kisukari na huenda kliniki kila mwezi kwa kadi hiyo. Nilimuuliza Mama mbona hakuuweka mstari huo. Akaniambia, "Nikiuweka sasa, nitakuwa najipigania mwenyewe," akabadilisha mada.

Basi mimi na dereva tukachukua nakala ya jedwali, tukazunguka kampuni zote saba, saa za chakula, wiki nzima. Kote tuliuliza swali moja. Kote tulijibiwa hapana. Tulimpelekea Mzee Koma karatasi yenye hapana saba, nasi tumeinamisha vichwa.

Akaisoma mpaka chini. "Kama wakili, nawaambia hii ni kesi mbovu. Hamna mfano hata mmoja wa kuegemea."

Tukaanza kukusanya karatasi zetu.

"Ziacheni," akasema. "Kuna mtu lazima awe wa kwanza."

Jumanne wabia walipiga kura. Kila aliyetumikia ofisi hii miaka ishirini ataondoka na kadi yake, yeye na mwenzi wake, maisha yao yote. Mikono sita ilipanda kwa pamoja.

Kwa hiyo Mama, usisimame ukaanza kutafuta wa kugombana naye. Limeshapita, limeshatiwa sahihi. Asante kwa kusimama nje ya mlango wa stoo. Mwanangu yule sasa ananizidi urefu. Pumzika, wasumbue wajukuu, mpeleke fundi saa kliniki bila kuangalia kalenda. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi na ziwe nyepesi. Bahasha yenye kadi yako iko mapokezi, kwangu, na sitaikabidhi mpaka unikumbatie.