Kabla Utepe Haujakatwa: Stabilaiza Mpya ya Zahanati ya Nakipilu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Viongozi wa dini. Wazee wetu, shikamooni.

KARIBU

Sisi wanakikundi wa Tutazamane, tunaohudumia wagonjwa katika zahanati hii, tunakukaribisha. Umekuja kutuzindulia stabilaiza mpya, kifaa cha kunyanyua umeme ukishuka. Tumefurahi, ila furaha yetu haijakaa sawa. Tunaomba utusikilize.

TULIKOTOKA

Umeme wa hapa hushuka jioni hadi taa huwa nyekundu. Marehemu Mama Restuta, mwenyekiti wetu, alipita nyumba kwa nyumba akichangisha, msimu wa korosho, tukanunua stabilaiza ya kwanza. Ilikuwa imeandikwa 3000. Iliendesha friji la chanjo na mashine ya oksijeni bila tatizo.

Masika iliyopita ugonjwa wa mapafu ulimzidi yeye mwenyewe, akawekwa kwenye mashine hiyo. Kwetu anayekuja kumtazama mgonjwa haondoki bila chai, na mkaa wote ulikuwa umeloa. Jioni akatuambia kwa sauti ndogo, "Jamani, chomekeni birika la umeme. Watu wametoka Kiranjeranje na mvua hii, mtawapa maji ya mtungi?"

Bi Umi, mwanakikundi mwenzetu, akamtania, "Wewe mgonjwa au mwenye hoteli?"

Akacheka. Tukalichomeka kwenye stabilaiza.

Stabilaiza ikalia, ikazima, na mashine nayo ikazima. Muuguzi Jenipher aliihamishia mashine kwenye soketi ya ukutani, lakini umeme ulikuwa mdogo mno, haikuwaka. Mama Restuta alitutoka chai haijachemka.

TUSICHOKIELEWA

Muuguzi anasema mapafu yalikuwa yamechoka, asingepona. Huenda ni kweli. Huenda anatuhurumia.

Sisi tulijumlisha wati: mashine 400, friji 150, birika 2000. Haifiki 3000. Fundi Huseni wa hapa kijijini anasema 3000 ile ni pale umeme unapoingia mzima. Ukishuka, uwezo wa kifaa nao hushuka, pengine hadi nusu, na friji linapoanza kuunguruma huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Tumesikia, lakini hatujaelewa. Kifaa tulikinunua kwa sababu umeme ni mdogo. Kumbe ukiwa mdogo ndipo kinaposhindwa? Muuzaji alituambia, "Hiki kinabeba nyumba nzima." Hakutuuliza nyumba ipi, wala saa ngapi.

OMBI

Hii mpya imeandikwa 5000. Ile nayo tuliiona kubwa.

Mheshimiwa, tunaomba usikate utepe bado. Fundi uliyekuja naye apime umeme wa jioni, si huu wa asubuhi, kisha aandike ukutani kwa rangi: hiki chomeka, hiki usichomeke. Mashine ya oksijeni ipate kifaa chake peke yake. Na kama anajua, atuambie bila kutuficha: lile birika lisingechomekwa, Mama Restuta angeiona asubuhi?

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwako, na amlaze mwenzetu pema.

Chai ipo, Mheshimiwa. Tumeipika nje, kwa mkaa.

Ni sisi,
Kikundi cha Tutazamane, Nakipilu