Maji ya Asubuhi ya Mzee Adriano Lugembe, Fundi Bomba wa Itetemia (1956–2024)

Mzee Adriano Lugembe alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika kijiji kimoja nje kidogo ya Sikonge, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Lugembe na marehemu Mama Kabula. Baba wa babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Ujiji hadi pwani. Marehemu hakukosa kulitaja jambo hilo kila alipoonekana barabarani na bomba la futi ishirini begani. "Damu haijaisha," alikuwa akisema, kisha anaendelea na safari yake.

Baba yake alilima tumbaku, na Adriano alianza mapema kuchochea moto wa bani, kile kibanda kirefu cha kukaushia majani. Moto ule ulikula miti siku sita mfululizo. Ndugu zake walichochea wakasinzia. Yeye siku moja alipanda kwenye vichanja hadi chini ya paa, apate kujua kama huko juu, mbali na moto, kuna ubaridi. Alishuka amebabuka masikio, akamwambia mama yake kwa furaha kwamba joto halikai lilipowashwa, linapanda. Tunaomba mlishike jibu hilo, maana yeye mwenyewe alikuja kulisahau.

Alisoma shule ya msingi hapo Sikonge kuanzia mwaka 1964 hadi 1970. Mwalimu wake mmoja alimpa jina la Bwana Kwa Nini, na alipochoka naye alimtuma nje kuchota maji. Huko nje nako akarudi na swali: kwa nini maji ya mtungi ni baridi na mtungi umekaa juani? Kuuliza si ujinga, lakini kunaweza kukuchelewesha chakula cha mchana. Mwaka 1971 alikuja Tabora mjini kujifunza ufundi bomba, akamaliza 1973.

Mwaka 1974 aliajiriwa fundi bomba katika karakana ya reli, akafanya kazi hiyo miaka ishirini na minne hadi alipopunguzwa kazini mwaka 1998. Baada ya hapo alijitegemea. Wengi wenu hapa mna bomba nyumbani ambalo mkono wake umepita, na wengi mnakumbuka kwamba hakuwahi kuondoka bila kuuliza maji machafu ya bafu yanakwenda wapi. Ukimjibu hujui, alichimba mfereji hadi kwenye mchicha wako, upende usipende.

Tarehe 1 Septemba 1984 alifunga ndoa takatifu na Pelagia, aliyekuwa akiuza asali Kanyenye. Walijaliwa watoto watatu: Agnetha, anayesoma wasifu huu, Valentino na Josepha. Walipendana kwa utani mwingi. Hakuna siku walizokaa kimya kwa hasira, kwa sababu mzee alishindwa kununa bila kuuliza swali.

Mwaka 2009 Pelagia alianza kukohoa hadi kushindwa kulala. Daktari alisema kifua chake kimechoka moshi, na kwamba akiendelea kukaa nao hatamaliza miaka mingi. Chakula wakahamishia kwenye gesi. Lakini maji ya kuoga ya nyumba nzima bado yalichemshwa kwa kuni, tena alfajiri, na baridi ya Tabora mwezi wa sita mnaijua. Mzee Adriano aliweka nadhiri mbele ya wanawe kwamba mama yao hatapuliza tena moto wa maji ya kuoga.

Agosti 2010 alimaliza mtambo wake wa kwanza. Ulikuwa na kisanduku kipana cha mbao chenye kioo juu, ndani yake mabomba yaliyopakwa rangi nyeusi, na pembeni pipa la chuma lililowekwa sambamba nacho juu ya paa. Jua lilipasha mabomba, mabomba yakapasha maji, maji yakajaa pipani. Jioni ya kwanza majirani walipanga foleni kunawa. Swali lililobaki lilikuwa la asubuhi: je, maji yatalala na moto wake?

Kwa desturi ya nyumba yao, mume hakujichotea maji ya kuoga. Aliyakuta bafuni ndani ya ndoo. Kila alfajiri saa kumi na moja marehemu alitumbukiza kiwiko kwenye ndoo ile, kama mama anayepima maji ya mtoto mchanga, kisha akaandika kwenye daftari: moto. Kesho yake: moto. Miezi kumi na moja, moto. Alitoka bafuni akiimba. Pelagia aliendelea kukohoa, na wote wakalaumu vumbi.

Kwa kulitegemea daftari hilo alimfungia mtambo wa pili Bwana Navin, mwenye nyumba ya wageni pale Kanyenye. Haikupita wiki, Bwana Navin akaja mwenyewe hadi nyumbani Itetemia.

"Fundi, wageni wangu wanapiga kelele. Alfajiri maji ni baridi kama ya kisimani."

"Haiwezekani, Bwana Navin. Kwangu yanaamka moto kila siku."

"Basi wageni niwalete kwako."

Jambo hilo lilimnyima raha. Mitambo ni pacha, jua ni lile lile. Kwa nini mmoja ukubali na mwingine ukatae? Hakukasirika. Aliwashwa na hamu ya kujua. Tarehe 9 Julai 2011 aliamka kabla ya saa yake, ili apande juu ya paa kulishika pipa lake lenye bahati. Alipopita nyuma ya nyumba alimkuta Pelagia amechuchumaa, kanga mdomoni, anapuliza kuni chini ya sufuria kubwa.

"Mama Agnetha, unafanya nini?"

"Napika uji."

"Uji wa ndoo nzima?"

Pelagia alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kilio. "Tangu siku ya kwanza yalikuwa baridi," alisema. "Nikayapasha kwa kuni siku ile moja tu, ukatoka bafuni unaimba, Baba Agnetha. Ningekuambiaje?"

Marehemu alikaa chini pale pale kwenye kuni. Mtambo alioujenga ili kumwondoa mkewe kwenye moshi ndio uliomfunga kwenye moshi miezi kumi na moja, kwa siri, kwa sababu ya mapenzi. Alichukua daftari, na katika kurasa zote za miezi ile akaandika kwa wino mwekundu: Haya ni maji ya Pelagia.

Kisha akaanza upya kuuliza: maji ya moto huenda wapi usiku? Alimuuliza kila mtu, pamoja na paroko akiwa bado na kanzu ya misa. Jibu lilimjia Sikonge, alipokwenda kusalimia na kulipita bani la baba yake. Joto hupanda. Alikuwa amesahau! Pipa lilikuwa sambamba na kisanduku, kwa hiyo usiku kisanduku kilipopoa, maji yake baridi yalishukia chini ya pipa, na yale ya moto yakapandia kwenye kisanduku kwenda kupoa na yeye amelala. Alilinyanyua pipa hadi likakaa juu zaidi ya kisanduku. Njia ya kurudi ikafa.

Likabaki suala la kulivika pipa nguo. Alileta kutoka Sikonge, kwa baiskeli, mizinga ya nyuki ya zamani ya gome, akaizungushia mapipa na kujaza pumba za mpunga katikati. Gome lilitunza joto vizuri sana. Kosa lake lilikuwa kutowauliza nyuki, maana mizinga bado ilinukia nta. Kundi zima lilihamia juu ya paa la Bwana Navin, na mgeni mmoja akatoka bafuni mbio na povu kichwani. "Fundi," alisema Bwana Navin, "nilikuomba maji ya moto, sikukuomba asali." Hata hivyo alimvumilia. Magome yalianikwa mwezi mzima, yakapakwa chokaa, yakarudishwa, na mtambo ule unafanya kazi hadi leo. Bwana Navin tunaye hapa safu ya pili.

Kuanzia hapo marehemu alifunga mitambo thelathini na minne. Aliojivunia zaidi ni ule wa zahanati jirani, ambako kina mama waliojifungua hukandwa kwa maji yasiyogharimu hata ukuni mmoja. Pelagia alipona kikohozi. Kila alfajiri mzee aliuliza, "Umeyatoa bombani?" naye alijibu, "Nenda kashike majivu." Naye alikwenda kweli.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Alitibiwa kwa subira, akawachosha wauguzi kwa kuuliza mashine inasukumaje damu. Tarehe 12 Juni 2024 aliomba kurudi nyumbani. Alifariki Alhamisi tarehe 20 Juni, saa tisa alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na jumuiya ndogo ndogo.

Marehemu ameacha mjane, Pelagia, watoto watatu, wajukuu watano, mdogo wake Benjamini, na mafundi sita aliowafundisha.

Aya zifuatazo hazimo katika ratiba mliyopewa. Agnetha ameziongeza kwa kalamu leo Ijumaa asubuhi.

Jana waombolezaji walitumia maji ya pipa hadi jua likazama, na sisi tulidhani hakuna ya moto yaliyobaki. Leo alfajiri, kabla ya kumwosha marehemu, baba mdogo Benjamini alibandika sufuria kwenye moto wa matanga. Mama akatoka ndani.

"Nani kaweka hiyo sufuria?"

"Shemeji, tusije tukamwosha ndugu yangu kwa maji baridi. Tungechanganya kidogo tu, wala usingejua."

"Ningejua. Mchezo huo niliuanzisha mimi."

Akaamuru sufuria iteremshwe. Akaweka ndoo chini ya bomba, akafungua kwa mkono wake. Yakatoka baridi. Mama hakufunga, aliacha yatiririke, yaishe yale yaliyolala ndani ya bomba, na ndoo ilipofika nusu, mvuke ukaanza kupanda katika ile baridi. Akaimwaga, akaijaza upya, akatumbukiza kiwiko, akakiacha humo muda mrefu, analia.

Ndiyo maji aliyooshewa. Baadaye Mama aliomba daftari na kalamu, akaandika mwenyewe mstari wa mwisho: Tarehe 21 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri. Moto. Haya ni maji ya Adriano.

Mungu amlaze mahali pa amani.