Ubeti wa Tatu Nilioukata

Kaeni, msinipigie makofi bado. Mchungaji aliponiomba nizungumze na nyie wanakwaya, nilimwambia mimi bado nina hasira. Akasema, "Njoo nayo." Basi nimekuja nayo.

Wengine mnanijua. Nilikuwa mama lishe kule Kwala, nawapikia mafundi na madereva wa malori ya bandari kavu, na huku nakuna nazi nilikuwa naimba. Siku moja dada mmoja, mteja wangu, akanirekodi kwa simu nikiimba ule wimbo wa faraja tunaouimba kwenye kila msiba. Akauweka mtandaoni. Haikupita wiki, watu wananisimamisha Kongowe: "Samahani, wewe si yule mama wa nazi?"

Hapo ndipo akatokea mwenye studio. Simtaji, na wewe unayemjua nyamaza. Akaniambia, "Mama, hiyo sauti ni mtaji. Tufungue chaneli, turekodi vizuri, hela itakuja yenyewe."

Nikamuuliza, "Na mwenye wimbo je?"

Akacheka. "Wimbo wa kanisani una mwenyewe? Huo ni wa Mungu."

Ndugu zangu, nawaambia, nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nikauza masufuria yangu, nikaacha kibanda, nikapanga chumba Mbwawa niwe karibu na studio. Tukarekodi. Video ikatazamwa na watu wengi kuliko nilivyowahi kuota. Chaneli ilikuwa na jina langu na sura yangu, lakini sehemu ya kupokea malipo aliandika akaunti yake. Nikiuliza, ananijibu mtandao bado haujalipa. Yeye akatokea na pikipiki mpya. Mimi nakunywa uji asubuhi na jioni, na watu wananiita staa!

Kisha asubuhi moja nafungua simu, video haipo. Pameandikwa kwamba mwenye haki ya wimbo amelalamika. Mwenye studio akaniambia, "Ni mzee mmoja wa Kisarawe, mwalimu mstaafu. Wivu tu."

Nikajirekodi nalia, nikasema kuna mzee ananiziba riziki. Na nyie, ndiyo, nyie mliokaa hapa, mkaja kuandika maoni yenu. Nimeyasoma yote. Mmoja alimwita yule mzee mchawi. Yupo safu ya tatu, sasa hivi anaangalia viatu vyake.

Nilikwenda Kisarawe kugombana. Nikashuka mjini, nikachukua bodaboda mpaka Maneromango, maneno yangu nimeyapanga kichwani. Nikapokewa na binti yake. Mzee alikuwa amekaa barazani, macho yake hayaoni vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Sauti yako naijua. Wewe ndiye uliyeimba."

"Ndiyo mimi. Nimekuja kuuliza kwa nini umenifungia."

Binti akadakia, "Aliyelalamika ni mimi, dada. Baba alikataa. Alisema umeimba vizuri."

Mzee akaniuliza swali moja tu. "Mbona ubeti wa tatu hukuuimba?"

Nikamwambia ukweli: mwenye studio alisema video ndefu watu hawaitazami, tukaukata.

Binti akaingia ndani, akatoka na daftari. Wimbo mzima umo, umeandikwa kwa kalamu ya wino. Mzee aliutunga siku mke wake alipozikwa. Na jina la yule mama liko kwenye ubeti wa tatu. Sisi huwa tunaliimba kama neno la kawaida tu, hatujui ni mtu. Mimi nilikuwa nimemkata mke wa mtu ili nipate watazamaji.

Nikapiga magoti pale barazani, nikalia, na safari hii hapakuwa na simu ya kunirekodi.

Mzee akasema, "Inuka. Sikukatazi kuimba. Nilitaka kuulizwa tu. Miaka yote hii makwaya yanauza huo wimbo, hakuna aliyewahi kubisha hodi hapa."

Hakuna hata mmoja! Na nyie walimu wa kwaya mlikuwa mnajua alipo.

Yule binti ndiye aliyenifundisha. Kumbe kuimba wimbo wa mtu na kupata hela kihalali kunawezekana. Unamtafuta mtunzi, anakupa kibali cha maandishi, mnakubaliana mgao. Muziki unapiga wako, huchukui uliorekodiwa na mwingine. Jina la mtunzi linaandikwa, na fungu lake linamfikia yeye mwenyewe. Tulikwenda kwa wakili hapa Kibaha, tukasaini. Mzee akasajili wimbo wake kwenye ofisi ya hakimiliki. Nikafungua chaneli nyingine kwa kitambulisho changu, nikaimba upya, beti zote. Chaneli ya zamani yule bwana amekataa kuiachia, na malipo ya miezi ile sijayaona hadi leo. Sijamsamehe. Mchungaji anajua, tunaliombea.

Malipo ya kwanza halali yalinirudishia masufuria. Si utajiri. Asubuhi napika, mchana narekodi. Lakini mzee naye alipata fungu lake, akaniambia ndiyo mara ya kwanza wimbo ule umemnunulia hata sukari. Mtunzi wa wimbo unaoimbwa nchi nzima!

Namshukuru yule binti kwa ukali wake, maana bila malalamiko yake ningeendelea kuiba huku nasema amina. Namshukuru wakili aliyetusikiliza bila haraka. Na mzee, aliyeniambia inuka.

Sasa nyie walimu wa kwaya. Najua mnarekodi albamu mwezi ujao, na najua nyimbo nne kati ya hizo si zenu. Watunzi wake wako hai. Nendeni mkawaulize wakati bado wanaweza kuwajibu.