Nyimbo za Nyanya Madhu na Herufi Mpya

Mwaka wa tisini na tisa, Nyamusi aliuza kahawa nje ya duka la vitambaa la Dinesh, mjini Kisii. Benchi lake lilikuwa na wenyewe: Makori, fundi baiskeli tuliyemwita Spana, na Obwocha, mkulima wa majani chai wa Itumbe, tuliyemwita Bunge kwa kubishana. Asubuhi moja Heena, binti ya Dinesh, alitoka dukani macho mekundu. Kesho yake dadake Swati angeolewa, na nyimbo za harusi za nyanya yao Madhu, ambazo Heena alizichapa kwenye kompyuta kwa Kigujarati, zilikuwa zimegoma kufunguka.

— Kompyuta imeharibika? Spana akauliza.

— Hapana. Nimeweka toleo jipya la lugha ninayoandikia programu. Limeondoa njia ya zamani ya kuiomba kompyuta ifungue faili. Sasa linataka Unicode peke yake.

— Huyo ni mnyama gani? Spana akauliza tena.

— Ni mpango mmoja wa herufi za dunia nzima, kila herufi na namba yake. Zamani kila mtu alijipangia. Namba yangu ya “ka”, kwa mwingine ni herufi ya Kifaransa.

— Kumbe herufi zimepewa kitambulisho! Bunge akasema. Zako hazikuenda kwa chifu kujiandikisha.

— Wacha wewe! Spana akadakia. Wamebadilisha nati zote ndio tununue spana mpya.

— Basi kesho watabadilisha hata majina yetu. Mimi nitaamka naitwa Fransua!

Nyamusi akampa Heena kikombe.

— Achana na hawa, mama. Sasa utafanyaje?

— Nitazihamisha, herufi moja moja.

Akarudi ndani. Alasiri akatoka mbio na karatasi mkononi, akicheka huku analia. Nyanya Madhu alimfuata polepole, akaisoma.

— Zote zimo?

— Zote, Nyanya.

— Na hii njia mpya, wataiondoa lini?

Heena akamtazama Spana. Spana akamtazama Bunge. Bunge akasogea benchini kumpisha Nyanya.

Nyanya Madhu akajibana katikati yao.

— Basi keti hapa, nikufundishe kwa mdomo.

Akaanza kuimba, Heena akafuata. Bunge naye akajaribu, akachapwa na Nyanya kofi mkononi kwa kuharibu Kigujarati, akaanza upya.