Mtu Aliyekataa Kusema "Kuvuna": Delbert Haapala Anastaafu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Delbert Haapala anakabidhi funguo za kituo cha ukaguzi cha Tarvola baada ya miaka thelathini na minne ya kuchungulia vinywa vya kulungu.

Kwa wageni watakaosoma kijarida hiki ukumbini siku ya kumuaga: mwindaji akishaua humleta mnyama wake kwetu, nasi hufungua taya, husoma umri kwenye magego, kisha humpa mwindaji beji ya kitambaa ya mwaka huo aishone kwenye kofia. Del alisoma kwa kidole gumba tu, macho yakiwa kwa mwenye mnyama. "Miaka minne na nusu," alimwambia Wendell Skaggs msimu mmoja, "na meno yake ni mazuri kuliko yako." Wendell akamjibu, "Kulungu huyo hajawahi kula mapishi ya mke wangu."

Alipoanza kazi, foleni ya magari ilifika kanisani, na shule zilifungwa siku ya kwanza ya msimu. Siku hizi hazifungwi. Novemba iliyopita tulitoa beji kumi na tisa. Waliohamia kwenye rasi ya hapa mjini walinunua nyumba ili wawatazame kulungu dirishani, na siwalaumu, hata mimi huwatazama. Ila msitu wa rasi ile ulitunzwa kwa ada za leseni za wawindaji miaka yote hiyo, na wengi hawakuwahi kuambiwa.

Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ya wanyamapori ilitoa waraka kwamba tuache kuandika "kuua", tuandike "kuvuna". Nakiri kwamba waraka ule niliuandika mimi. Del aliusoma, akaurudisha mezani kwangu. "Kinachovunwa ni mahindi, ndugu yangu. Mimi naua. Siku nikiona haya kulisema, nitaacha kulifanya." Fomu zake zote zina neno lile la zamani mpaka leo.

Septemba ya mwaka jana baraza la mji lilimwita aeleze kwa nini tulitaka wawindaji wa pinde waruhusiwe kwenye rasi. Nilimsihi aseme "kuvuna", karibu nimpigie magoti. Akasimama akasema, "Tutaua majike mia na ishirini, ili watakaobaki wapate chakula." Bi Honora Aldous, mwalimu mstaafu wa muziki, akainuka: "Yaani unatuambia hivyo bila hata kupepesa macho?" Kura ikapigwa, tukashindwa vibaya. Nilimkasirikia Del wiki nzima. Neno moja tu, jamani! Alichonijibu ni kwamba wangekuja kujua baadaye, na wasingetuamini tena.

Kisha theluji ikafika kiunoni. Mierezi ya rasi ilikuwa imeshaliwa hadi pale shingo ya kulungu inapofika. Del alizunguka na lori akikusanya mizoga, na kila mmoja aliupasua mfupa wa paja. Uboho wa mnyama mwenye afya ni mweupe na mgumu. Ule ulikuwa mwekundu, ukitikisika kwenye kijiko alipouchota, dalili ya njaa. Kufikia katikati ya Februari alikuwa amehesabu sitini na mmoja, na kuandika hesabu hii kunaniuma.

Ndipo Bi Honora akapiga simu. Kulungu saba walikuwa wamekufa nyuma ya nyumba yake. Tulikwenda wawili. Del alimpasua mmoja na kukuta tumbo limejaa mahindi. Wakati wa baridi tumbo la kulungu huwa limezoea matawi, na mahindi mengi ya ghafla humgeukia sumu. Bi Honora alisimama barazani akiwa na koti la marehemu mumewe, analia, ndoo bado iko mkononi. "Niambie ni nini," alisema. Na Del, ambaye sikuwahi kumsikia akipamba neno, akamwambia, "Ni njaa, Bi Honora."

Njaa! Basi Bi Honora akawapigia simu majirani wote wawalishe kulungu, na magunia ya mahindi yakamwagwa rasi nzima. Katika siku tisa tuliokota wengine arobaini, matumbo yamejaa.

Del alirudi kwa Bi Honora, akavua kofia. "Nilikudanganya. Waliuawa na mahindi, ya kwako na ya wale uliowaambia." Bi Honora akafunga mlango taratibu. Niliendesha mimi kurudi ofisini. Aliposikia naandika wasifu huu alinipa sharti moja tu: nikiandika habari za meno, niandike na hili. Nimetii, ingawa moyo wangu haukutaka.

Jumanne iliyopita baraza lilipiga kura upya. Bi Honora alisimama akiwa ameshika kiti cha mbele yake. "Niliwaua mimi, kwa ndoo," alisema. "Waacheni wawindaji waingie." Mtu wa nyuma akamwambia akae chini, kwamba ameshanunuliwa. Tulishindwa kwa kura nne. Wakati wa kutoka Del alimshikia Bi Honora koti, naye akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili.

Del, umefundisha usalama wa bunduki kwa watu zaidi ya elfu mbili wa kaunti hii, na hakuna hata mmoja wao aliyejeruhi mtu. Umetufundisha sisi kusoma taya. Tunakushukuru kwa hayo, na kwa kututia haya pale tulipostahili kutiwa haya. Tunakutakia sauna yenye moto, magoti yasiyouma, na simu isiyolia asubuhi. Theluji ya kwanza imeshaanguka kwenye rasi. Safari hii mizoga tutaikusanya sisi. Wewe kaa nyumbani.