Fundi Sponji na Masanduku ya Darubini

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yetu ni mzee wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Sponji, na ambaye jina lake la kwenye kitambulisho lilitumiwa na serikali tu, tena pale ilipomhitaji.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la pamba, mtoto wa pili wa mama mshonaji na baba karani wa posta, ingawa cheti chake kinasema tarehe 19, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ofisi ya vizazi ilipopata wino, hivyo kwa mujibu wa sheria marehemu aliishi siku zake za kwanza bila kuwepo. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1958 hadi 1965, kisha sekondari hadi 1968, ambako alikumbukwa kwa bidii, na kwa kuvipasua viti vya walimu ili aone kilichomo ndani. Januari 1969 alianza kujifunza ufundi wa makochi, na mwaka 1977 akafungua karakana yake, chumba kimoja chenye mlango wa bati, meza ya kukatia, na marobota ya sponji yaliyogusa dari.

Agosti 1982 aliingia humo mwalimu wa kike wa fizikia, amebeba kioo cha darubini cha upana wa sinia, alichokisaga kwa mikono yake kwa miaka miwili, akataka sanduku la kukipeleka mji wa mbali kikapakwe madini ya kung'arisha, na marehemu, kwa nia njema na mazoea ya fani, akakitandikia sponji laini kuliko zote, kama anayemkaribisha mkwe, kumbe kitu kizito juu ya ulaini huzama, na barabara ilipoanza mashimo kioo kilizama hadi kikagonga mbao, kikafika vipande vipande. Mwalimu alivimwaga vipande mezani, akasema, "Fundi, nilikuomba sanduku, wewe umenitengenezea kochi," na marehemu, baada ya kuomba radhi, akaongeza, "Mwalimu, saga kingine, na uniletee mimi huyuhuyu," naye mwalimu akamwambia kwamba uso wake ni mkavu kuliko plaiwudi yake, lakini akaenda kusaga.

Tangu hapo marehemu hakutaka kusikia neno laini. Alijifundisha kukata sponji ngumu kwa umbo la kifaa chenyewe, kisicheze wala kisibanwe, na kila sanduku jipya alilitilia jiwe lenye uzito wa kioo, lililozungushiwa vipande vya kioo cha dirisha ili vivunjike likigonga mbao, akalipakia kwenye pikapu ya jirani yake mbeba mchanga, aliyeagizwa asikwepe shimo hata moja, agizo ambalo jirani husema ndilo pekee maishani alilolitimiza kikamilifu. Masanduku mengi yalishindwa, akayavunja, akaanza upya, watu wakimcheka kwamba fundi mzima anayapeleka mawe matembezini, hadi mwaka 1985 kioo cha pili kilipokwenda na kurudi bila mkwaruzo. Tarehe 7 Desemba mwaka huohuo mwalimu alikubali kuwa mke wake, akiwaeleza mashemeji kwamba mtu asiyechoka na sanduku huenda asichoke na mke, na Mungu akawajalia watoto watatu, waliokua wakionywa kila siku wasikalie kitu chochote kabla hawajauliza.

Sifa zake ziliwafikia watazama nyota wa mbali, na mwaka 1999, alipokuwa akisindikiza darubini mpakani, afisa wa forodha alimuuliza inamwangalia nani, akajibiwa nyota, akauliza nyota za nchi gani, na baada ya mashauriano ya wakubwa sanduku likaruhusiwa kupita kama samani, uamuzi ambao marehemu aliuona wa haki.

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo. Mapema 2023 mama, yule mwalimu, akiwa amestaafu, alimaliza kusaga kioo kikubwa kuliko vyote vya maisha yake, cha darubini ya shule iliyo kilimani, na kwa kuwa daktari alimkataza marehemu kufanya kazi, alitii kwa namna yake, akajilaza kwenye kochi katikati ya karakana, akaamuru, mama akipima na binti mkubwa akikata. "Baba, hapa pametosha," binti alisema. "Pametosha kwa mto wa kulalia," akajibu, "weka ngumu."

Siku ya safari, tarehe 3 Juni, marehemu alikuwa amelazwa, na mama akagoma kuondoka kando ya kitanda, akisema kioo kitangoja, marehemu akamwambia, "Mke wangu, mimi nina wauguzi, kioo kina nani? Nenda, ukifungue wewe." Mama akaenda, barabara ikawa mbovu kama desturi yake, na jioni simu ikalia wodini, mama akasema neno moja tu, "Kizima," marehemu akauliza kama bawaba zimelegea, akaambiwa hazikulegea, ndipo akaomba chai. Mama alirudi akamkuta angali na fahamu na maneno yake yote, wakawa pamoja hadi mchana wa tarehe 6 Juni 2023, alipofariki dunia, mkono wake mkononi mwa mama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia msumeno kwa miaka mingi, mafundi wenzake, na chama cha watazama nyota, ambacho kwa heshima kilipendekeza kuahirisha uzinduzi wa darubini ya kilimani. Mama ameagiza tutangaze kwamba hakuna kuahirisha, ni Jumamosi hii, na wa kwanza kutazama atakuwa yeye.

Mzee wetu, mzigo umefika mzima, nawe upumzike kwa amani.